Ndege Karani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kumtambua na Kuujua Ukoo Wake

Ndege huyu ana miguu ya korongo na kichwa cha tai. Anayemwona kwa mara ya kwanza huishika nusu moja ya mwili wake na kuisahau ya pili, kisha anabishana na mwenzake aliyeishika nusu nyingine. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa kila mara uwandani, na mengi yanarudi pale pale: huyu ni wa akina nani?

Ndege karani ni ndege gani hasa?

Ni ndege mbuai wa nyanda za nyasi za Afrika, kusini mwa Sahara. Jina lake la kisayansi ni Sagittarius serpentarius. Eneo lake linaanzia Mauritania na Senegali upande wa magharibi, linapita hadi Ethiopia na Somalia, kisha linashuka Afrika Mashariki mpaka Rasi ya Tumaini Jema. Nje ya Afrika hayupo porini.

Akisimama wima anaweza kufikia mita 1.3, sawa na mtoto wa shule ya msingi. Mabawa yakitandazwa yana upana wa mita 2 hivi, na uzito wake ni kama kilo 4 tu. Ni mwepesi kuliko anavyoonekana, maana sehemu kubwa ya kimo chake ni miguu.

Nikimwona kwa mbali, nianze kuangalia wapi?

Anza na kichwa, hata kama macho yako yanavutwa na miguu. Miguu mirefu wanayo ndege wengi wa nyasini, kwa hiyo haitakusaidia sana. Kichwani kuna mambo matatu ambayo hakuna ndege mwingine wa Afrika aliye nayo kwa pamoja: mdomo mfupi uliopinda kama ndoana, uso usio na manyoya wenye rangi ya chungwa inayokaribia nyekundu, na kishungi cha manyoya marefu meusi yanayoning'inia kisogoni kama kalamu zilizochomekwa nyuma ya sikio. Upepo ukivuma yanapeperuka kila upande. Ukipata bahati ya kuwa karibu na darubini nzuri utaona jambo la nne: ana kope, nyeusi na ndefu, zinazomfanya aonekane kama amepakwa wanja.

Baada ya kichwa, shuka. Mwili ni wa kijivu hafifu. Manyoya ya kurukia ni meusi. Mapaja nayo ni meusi mpaka nusu ya mguu, kana kwamba amevaa kaptula, na kuanzia hapo kwenda chini mguu ni mtupu, wenye magamba. Mkia una manyoya mawili ya katikati yaliyorefuka kuliko mengine yote.

Ukishayaona hayo, angalia mwendo. Ndege karani anatembea siku nzima. Hatua zake ni ndefu, za taratibu, kichwa kikienda mbele na kurudi kama cha kuku. Anaweza kumaliza kilomita 20 hadi 30 kwa siku kwa mwendo huo huo usio na haraka. Akiona kitu, anasimama ghafla na kuanza kukanyaga nyasi kwa kishindo ili kilichojificha kitoke.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hawakioni?

Kipo: shingo. Kwa ndege mwenye miguu ya urefu ule, shingo yake ni fupi mno.

Nililielewa jambo hili asubuhi moja tulipokuwa tumezima gari pembeni ya njia, nyasi bado zina umande. Karani alikuwa hatua kama 30 kutoka kwetu. Alipiga kishindo mara mbili, panzi akaruka, akamfuata kwa hatua tatu na kumkanyaga. Kisha ikaja sehemu ambayo sikuitarajia. Korongo angeinamisha shingo tu na kuokota. Huyu alilazimika kukunja miguu, akajishusha mbele, mkia ukapanda juu kama mpini wa jembe, ndipo mdomo ukafika chini. Alimeza, akanyooka, akaendelea na safari. Shingo yake ikishuka inaishia kwenye kile kiungo kinachoonekana katikati ya mguu, kwa hiyo hata kunywa maji ni lazima achuchumae.

Tangu siku ile, ndege akiwa mbali mno kiasi cha kutoona rangi ya uso wake, mimi hungoja ainame. Akijikunja ndipo aokote, nina uhakika wa nusu ya jibu.

Lile goti lake mbona linapinda kwenda nyuma?

Si goti. Ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya ya tumbo. Ndege wote wako hivyo, ila kwake linaonekana zaidi kwa sababu ya urefu wa mguu.

Ni ndege gani wanaochanganywa naye?

Anayechanganywa naye zaidi ni tandawala mkubwa, Ardeotis kori, kwa sababu wote wawili wanatembea peke yao kwenye nyasi fupi, wote ni wakubwa, na wote wana kishungi. Lakini tandawala ni mzito: dume linaweza kuzidi kilo 15. Shingo yake ni nene, ya kijivu yenye mistari myembamba sana, mgongo ni wa kahawia, na mdomo umenyooka. Mapaja hayana weusi. Kama umepiga picha ya miguu, hesabu vidole: tandawala ana vitatu vya mbele tu, hana kidole cha nyuma. Karani anacho, ingawa ni kidogo.

Korongo taji hufananishwa naye na watu wanaotazama kishungi peke yake. Kishungi cha korongo taji ni cha dhahabu na kimesimama kama brashi, kidevuni kuna ngozi nyekundu inayoning'inia, na bawa lina sehemu kubwa nyeupe. Tena mara nyingi huwa makundi. Karani huwa peke yake au wawili wawili, dume na jike wakitembea mbalimbali lakini wakionana.

Kuna pia korongo mwenye kichwa cheusi, Ardea melanocephala, ambaye huwinda nchi kavu kwenye nyasi hizo hizo. Mdomo wake ni mrefu kama mkuki na shingo ni kama nyoka, kwa hiyo ukimtazama vizuri hakuna ubishi. Hondohondo wa ardhini ni mweusi mwili mzima mwenye ngozi nyekundu usoni na kooni, na mdomo wake ni mkubwa mno kufananishwa na huu.

Mchana jua likiwa kali, joto linapopanda kutoka ardhini hutetemesha picha yote, na hapo hata mtu mzoefu anaweza kukosea. Asubuhi na jioni ndiyo saa za kumtambua ndege wa uwandani.

Na akiwa angani?

Watu hushangaa kusikia kwamba anaruka. Anaruka vizuri sana. Hupenda kuanza kwa kukimbia kidogo, kisha akishapata hewa ya joto inayopanda huzunguka juu kama tai wengine bila kupiga mabawa.

Umbo lake angani halina mfano. Nyuma ya mwili kuna vitu virefu viwili vya aina tofauti: miguu iliyonyooshwa, na yale manyoya mawili ya mkia. Korongo taji akiruka utaona miguu tu, na mbele utaona shingo ndefu iliyonyooka. Tai utaona mkia tu. Karani ana vyote viwili nyuma, na mbele hana shingo ya kusema. Ukimtazama kutoka chini, sehemu ya mbele ya bawa ni nyeupe inayoelekea kijivu, na ya nyuma ni nyeusi tii.

Wakati wa kuchumbiana, hupanda juu na kujiachia, kisha hupanda tena, kama jiwe lililofungwa kwenye kamba likibembea. Hapo ndipo pia utamsikia, maana siku nyingine huwa kimya. Sauti yake ni ya kukwaruza, karibu na ya chura.

Dume na jike wanatofautianaje?

Kwa shida. Dume huwa na manyoya ya mkia marefu kidogo na kishungi kilichojaa zaidi. Sishauri kuandika "dume" au "jike" kwenye kumbukumbu zako mpaka uwaone wawili wakiwa pamoja, na hata hapo kwa tahadhari.

Nimemwona mmoja mwenye uso wa njano. Ni spishi nyingine?

Hapana, ni kijana. Makinda na ndege wachanga wana uso wa njano badala ya rangi ya chungwa, manyoya yao yana ukahawia, na mkia bado haujarefuka. Macho yao ni ya kijivu, wakati ya mkubwa ni ya kahawia. Ndege wa namna hii ndiye anayewapa watu wazo kwamba kuna karani wa aina mbili, na nimekutana na maelezo ya picha yaliyoandikwa hivyo.

Kuna nususpishi za ndege karani?

Hakuna zinazotambuliwa. Wa Afrika Kusini na wa Senegali ni spishi ile ile, isiyogawanywa. Kwa ndege ambaye eneo lake ni kubwa hivi, hilo ni jambo la kutafakari: inaelekea ndege hawa wanahamahama na kuchanganyika kufuata mvua na nyasi, badala ya kujifungia kila kundi sehemu yake.

Kwa nini anaitwa karani?

Maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba kishungi chake kiliwakumbusha watu makarani wa zamani waliochomeka kalamu za unyoya nyuma ya sikio. Picha hiyo inaingia akilini haraka, na ndiyo maana imedumu.

Maandishi ya kwanza, hata hivyo, yanasimulia habari nyingine. Mwaka 1769 Arnout Vosmaer wa Uholanzi alimweleza ndege huyu kutokana na ndege hai aliyeletwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema miaka miwili kabla. Aliandika kwamba walowezi wa Kiholanzi walimwita "sagittarius", yaani mpiga mishale, kwa namna anavyotembea. Aliandika pia kwamba wakulima waliomfuga ili awaondolee wadudu na wanyama waharibifu nyumbani walimwita "secretarius", na akadhani jina hili la pili ni lile la kwanza lililopotoshwa midomoni. Ikiwa alisema kweli, basi ukarani wote huu ulianza kwa watu kutamka neno vibaya. Katika karne ya 20 lilitolewa wazo kwamba jina lina asili ya Kiarabu, saqr-et-tair, lakini Vosmaer alikuwa karibu zaidi na chanzo, nami naegemea kwake.

Kwa Kiswahili wengine humwita karani tamba. Napenda jina hilo kuliko yote, kwa sababu linataja mwendo wake. Mtu akitamba, anatembea kwa madaha akijua anatazamwa, na huyu ndivyo alivyo.

Kama ana miguu ya korongo, kwa nini anawekwa pamoja na tai?

Miguu inasema ndege anaishi wapi. Haisemi ametoka kwa nani. Ndege yeyote ambaye mababu zake walishuka ardhini na kutembea kwenye nyasi kwa vizazi vingi anaweza kupata miguu mirefu, awe wa ukoo wa tai, wa korongo au wa mbuni. Kwa hiyo miguu ni ushahidi dhaifu wa undugu, ingawa ndiyo inayoonekana kwanza.

Sasa chukua sehemu ambazo hazikubadilishwa na maisha ya kutembea. Mdomo ni wa kuraruria, umepinda, na juu yake kwenye matundu ya pua kuna ile ngozi laini ambayo utaiona kwa tai na mwewe. Kiota ni jukwaa la vijiti juu ya mti, kama cha tai. Makinda huzaliwa dhaifu na kulishwa kiotani kwa miezi, ilhali kinda la korongo taji huacha kiota na kuwafuata wazazi wake mapema sana. Akipaa, anaelea kama tai. Na vinasaba, vilipokuja kuchunguzwa, vilikubaliana na mdomo na wala havikukubaliana na miguu.

Ila miguu yenyewe imebadilika kiasi cha kutotambulika. Vidole vya karani ni vifupi na vinene, urefu wake ni kama sehemu moja ya tano ya vidole vya tai wa ukubwa uleule. Hawezi kushika kitu kwa mguu. Tai anabeba mawindo kwa makucha, karani anabeba kwa mdomo. Huyu ni wa ukoo wa tai aliyebadilisha mkono wa kukamata kuwa rungu la kupigia.

Wataalamu walikubaliana tangu mwanzo?

Hawakukubaliana hata kidogo. Baada ya Vosmaer, John Frederick Miller alimpa jina rasmi mwaka 1779: Falco serpentarius. Yaani alimtia kwenye jenasi moja, kundi la spishi zinazokaribiana, na ndege mbuai aitwaye kozi. Mwaka 1783 Johann Hermann akaona haiwezekani, akamtengenezea jenasi yake, Sagittarius, na hilo ndilo jina tulilo nalo. Mwaka 1811 mtaalamu wa Ujerumani, Illiger, akapendekeza Gypogeranus, neno la Kigiriki lililounganisha tumbusi na korongo. Halikushinda, kwa sababu la Hermann lilitangulia, lakini linaonyesha wazi jinsi watu walivyokuwa wakivutwa pande mbili.

Mbali na majina, kulikuwa na swali la ukoo. Wapo waliosema ni jamaa ya tandawala, na wapo waliosema ni jamaa ya seriema.

Seriema ni nani?

Ni ndege wa Amerika Kusini mwenye miguu mirefu na kishungi mbele ya uso, anayetembea kwenye nyasi akila wadudu, mijusi na nyoka wadogo, na anayewabamiza mawindo chini. Ukiwaweka pamoja kwenye picha utaapa ni binamu. Si binamu. Seriema wana oda yao (kundi kubwa linalokusanya familia), Cariamiformes, na katika mti wa ukoo wako karibu zaidi na kozi na kasuku kuliko na karani. Nyasi za mabara mawili zimewafinyanga ndege wawili wasiohusiana kwa kalibu inayokaribiana.

Jambo hili limewahi kutokea tena. Huko Nebraska, Marekani, kilichimbwa kisukuku cha ndege wa zama za Miosini (kati ya miaka milioni 23 na 5 iliyopita) aliyeitwa Apatosagittarius. Miguu yake ni ya karani, lakini ukoo wake ni wa mwewe na tai wa kawaida. Sehemu ya kwanza ya jina lake ina maana ya udanganyifu, na ametendewa haki.

Basi leo yuko wapi katika mti wa ukoo?

Oda yake ni Accipitriformes, familia ni Sagittariidae, jenasi Sagittarius, spishi serpentarius. Katika familia hiyo nzima yeye ndiye pekee aliyebaki hai.

Ukiufikiria mti wenyewe, shina la oda hii lilitoa tawi la karani kwanza. Baadaye likatoa tawi la yule mla samaki anayepatikana karibu dunia nzima, Pandion haliaetus. Tawi lililobaki likachanua kuwa tai, mwewe, vipanga na tumbusi wa Afrika, Ulaya na Asia, zaidi ya spishi 200 katika familia ya Accipitridae. Kwa hiyo tai na tumbusi wa huku kwetu ni ndugu wa karibu kati yao kuliko yeyote kati yao na karani. Tumbusi wa Amerika ni tawi jingine la kale zaidi, na orodha nyingine huwapa oda yao wenyewe, Cathartiformes. Ukikuta vitabu viwili havilingani, mara nyingi tofauti iko hapo, wala haimgusi karani.

Kozi wa jenasi ya Falco, ambao Miller aliwachanganya naye, wametolewa kabisa. Uchunguzi mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 uliwaonyesha kozi wakiwa upande wa kasuku na ndege waimbaji, mbali na tai. Hivyo "ndege mbuai" ni jina la kazi, kama vile "mvuvi". Wavuvi wawili si lazima wawe wa mama mmoja.

Kuna visukuku vya familia yake?

Vipo, na vimepatikana Ufaransa. Ni spishi mbili za jenasi iliyokwisha toweka, Pelargopappus, moja ya zama za Oligosini, zilizotangulia Miosini, na nyingine ya Miosini. Vidole vyao bado vinafanana na vya mwewe kuliko vya karani wa leo. Ndiyo kusema familia hii ilikuwepo zaidi ya miaka milioni 23 iliyopita, iliwahi kuishi Ulaya, na ule mguu wa rungu ulikuja baadaye.

Ni kweli anaishi kwa kula nyoka?

Anakula nyoka, wakiwemo wenye sumu, lakini si chakula chake cha kila siku. Chakula chake kikubwa ni wadudu, hasa panzi na mbawakawa, pamoja na panya, mijusi, makinda ya ndege wa ardhini na chochote kidogo kinachotembea. Jina serpentarius na picha za watalii ndizo zilizomfanya awe muuaji wa nyoka kwa umaarufu. Moto ukipita uwandani utamkuta pembeni mwake, akiokota waliokimbia na walioungua.

Mbele ya nyoka, kinachomlinda ni kasi, magamba magumu ya miguu, na mabawa anayoyafungua ili kumvuruga adui asijue mwili uko wapi.

Teke lake lina nguvu kiasi gani?

Lilipimwa na wanasayansi huko Uingereza, kwa ndege anayefugwa aliyezoezwa kupiga nyoka wa mpira, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Nguvu ya pigo ilifika nyutoni 195, kama mara tano ya uzito wake. Mguu uligusa shabaha kwa milisekunde 15 tu.

Namba hiyo ya pili ndiyo inayonishangaza. Milisekunde 15 ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na hautoshi kwa mishipa ya fahamu kupeleka habari na kurudisha amri. Kwa maneno mengine, pigo likishaanza hawezi kulirekebisha. Ni lazima alenge kwa macho kabla, akiamini hesabu yake, na kwa mguu mrefu namna ile kosa dogo la pembe linakuwa kosa kubwa mwishoni. Anayekosa mbele ya swila hana nafasi ya pili. Kwa hiyo ukimwona amesimama ameinamisha kichwa, hatikisiki, usidhani amechoka. Analenga.

Nimtafute wapi?

Kwenye nyasi zisizozidi nusu mita, zenye miti michache iliyotawanyika. Nyasi zikimfika kifuani hawezi kuona chini, na msitu haumfai kabisa. Serengeti na Maasai Mara ni mahali pazuri, na katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi pia hupatikana.

Jioni tazama vilele vya migunga. Analala na kutaga juu ya miti hiyo, kiota kikiwa bapa, upana wa mita moja na zaidi, kimefichwa na miiba, kwa kawaida kati ya mita 2.5 na 13 kutoka ardhini. Mayai ni 1 hadi 3, mara nyingi 2, na huatamiwa kwa siku 45 hivi. Ukigundua kiota, ondoka. Usikipige picha kwa karibu wala kukitangaza mahali kilipo, maana wazazi wakisumbuliwa sana wanaweza kukiacha.

Yuko hatarini?

Ndiyo. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, aliwekwa kundi la walio katika hali tete mwaka 2011, na mwaka 2020 akapandishwa kundi la walio hatarini kutoweka. Nyanda zinalimwa, zinalishwa mifugo kupita kiasi au zinafunikwa na vichaka, na ndege mwenyewe hugongana na nyaya za umeme na uzio. Biashara yake inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, katika Kiambatisho cha II. Yumo kwenye nembo ya taifa ya Afrika Kusini na ya Sudan, lakini nembo haioti nyasi.

Hii ndiyo sababu ninasisitiza utambuzi sahihi. Takwimu za kupungua kwake hutokana na watu waliohesabu, na tandawala aliyeandikwa kuwa karani anaficha pengo.

Nikimwona niandike nini?

Tarehe, saa, mahali, idadi, umri kwa rangi ya uso, urefu wa nyasi, na alikuwa akifanya nini. Picha ya upande mmoja inayoonyesha kichwa na mkia inatosha, hata kama si nzuri. Unaweza kuipeleka eBird au iNaturalist, tovuti za kurekodi viumbe vilivyoonwa, ambako wengine wataikagua. Ukiwa na shaka, andika una shaka.

Naweza kujua yupo hata bila kumwona?

Wakati mwingine. Chini ya mti anaolala, tafuta matonge aliyoyatapika: mabaki yasiyomeng'enyeka ya mabawa ya panzi, manyoya ya panya, mifupa midogo na magamba, yaliyoshikamana na kukauka. Ya kwake ni makubwa, unene wa sentimita 4 hivi na urefu wa sentimita 3 hadi 10. Livunje moja taratibu kwa kijiti, juu ya karatasi nyeupe, na uhesabu vichwa vya panzi vilivyomo.